Nilidhani ananidharau, kumbe hajui kwamba mimi sijui (uzi mrefu: usonji na kuelewa mawazo ya wengine)

mama_wa_kwanza

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu, leo nauacha hivi hivi ulivyo. Ni mrefu. Mwenye mtoto mwenye usonji (autism, tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na kuelewana na watu) au anayemfundisha naomba avumilie, na asiye naye asome pia maana ipo siku atakutana naye na atamhukumu vibaya kama mimi nilivyomhukumu wa kwangu.

Mwanangu ana miaka 11 saivi, anaongea vizuri tu. Alipokuwa na miaka 7 alikuwa akirudi shule ananianzishia stori katikati. "Halafu akakiangusha." Nani? "Yule." Akaangusha nini? "Kile." Nikiuliza tena anakasirika mpaka analia, anapiga mguu chini, "lakini unajua!" Mi nikadhani ananidharau, kuna siku nilimfokea kwa hilo akaenda kujikunja nyuma ya mlango na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Kumbe mtoto alikuwa anashangaa kwa nini mama anauliza kitu ambacho yeye amekiona kwa macho yake mwenyewe. Kilichopo kichwani mwake aliona kipo na kwangu. Hakujua kwamba mimi sijui.

Sasa nikaanza kutafuta na kusoma, miaka minne hii nasoma usiku watoto wakilala, na nataka niwaeleze nilichoelewa kwa lugha yetu maana vingi vimeandikwa kwa namna ambayo mzazi wa kawaida anaishia ukurasa wa kwanza.

Mwaka 1985 watafiti watatu wa Uingereza, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, walichukua wanasesere wawili, mmoja Sally mwingine Anne. Sally anaweka gololi yake kwenye kikapu anatoka nje. Anne anaitoa gololi anaificha kwenye boksi. Sally anarudi. Mtoto anaulizwa: Sally ataitafuta wapi gololi yake? Mtoto aliyeelewa atasema kwenye kikapu, kwa sababu Sally hakuona, yeye bado anaamini ipo alipoiacha. Mtoto ambaye hajafika hapo atasema kwenye boksi, maana ndipo ilipo kweli. Hawakuwa wa kwanza kubuni jambo la namna hii, Wimmer na Perner walishafanya mwaka 1983 na kijana wa hadithi aitwaye Maxi na chokoleti yake, ila hawa ndio waliolipeleka kwa watoto wenye usonji.

Walikuwa watoto 20 wenye usonji, 14 wenye hali ya Down (Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kujifunza) na 27 wadogo wasio na tofauti hizo, wa miaka kama 4 hivi. Wale wadogo 23 walipata, wenye Down 12 kati ya 14 walipata. Wenye usonji 16 kati ya 20 walisema boksi. Na hawa ndio walikuwa wakubwa kuliko wote, wastani wa karibu miaka 12, na kiuwezo wa lugha waliwazidi wenye Down. Wote waliulizwa pia gololi iko wapi sasa na mwanzo ilikuwa wapi, wakajibu sawasawa. Kwa hiyo hawakusahau na hawakuwa wazito kuelewa mambo. Kilichokwama ni sehemu moja tu, kwamba Sally ana picha yake kichwani na hiyo picha imepitwa na wakati.

Hapa ndipo watu wengi walipoishia kusoma. Wakachukua wale 16 wakasema hawa watoto hawana kabisa uwezo wa kujua kwamba mwenzao ana mawazo, na kutoka hapo ikafika "hawana huruma", ikafika "hawana upendo". Nimewahi kuambiwa hivyo usoni na mtu mwenye koti jeupe, mtoto akiwa amekaa hapo hapo anasikia. Wale 4 waliopata hakuna anayewataja!! Asilimia 20 si kitu cha kutupa jamani, kama ni kwamba usonji unafuta kabisa huo uwezo basi wale wanne wametoka wapi?

Na vikaja vitu vya ajabu zaidi. Mapema miaka ya 90 watafiti wengine walibadilisha kidogo, badala ya Sally wakatumia kamera ya kutoa picha papo hapo. Wanapiga picha mwanasesere akiwa sehemu moja, wanamhamisha, halafu wanauliza: kwenye picha yupo wapi? Kimantiki ni swali lile lile, kitu kilichobeba hali ya zamani wakati dunia imebadilika. Watoto wenye usonji wengi walijibu vizuri sana. Mimi hapa niliacha kusoma nikakaa kimya kwanza. Maana yake mtoto anaelewa kabisa kwamba picha inaweza kubaki na jambo la zamani, asichokiona ni kwamba kichwa cha mtu nacho kinafanya vile vile, na ukifikiria vizuri nani amewahi kukiona kichwa cha mtu kwa ndani? Picha unaishika mkononi, wazo unalishikaje.

Halafu kuna habari ya viziwi, naiona ni muhimu kuliko zote na haisemwi sana. Mwaka 1995 Candida Peterson na Michael Siegal kule Australia waliwapima watoto viziwi waliozaliwa kwa wazazi wanaosikia, yaani watoto waliokua nyumba ambazo hakuna aliyejua lugha ya alama vizuri. Wengi walifeli jaribio la Sally, wakiwa na umri wa miaka 8 kwenda juu. Na hawana usonji hao. Lakini watoto viziwi wa wazazi viziwi, ambao tangu wachanga wanaongea na watu wa nyumbani kwa alama, wanapata kwa wakati wao kama watoto wengine. Kumbe sehemu kubwa ya jambo hili inajengwa na mazungumzo. Mtoto anajifunza kwamba watu wana mawazo kwa kusikia (au kuona) watu wakiyataja mawazo, kila siku, mara mia. Na mtoto wetu mwenye usonji ndiye tunayemwongelesha kidogo kuliko wote, tunampa amri tu. Kaa. Vaa. Kula. Acha. Nani anamwambia mtoto mwenye usonji "baba alidhani umelala"?

Francesca Happé mwaka 1995 alionyesha kwamba mtoto asiye na usonji anakuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kupata jaribio la Sally akiwa na uwezo wa lugha wa kama miaka 4, mwenye usonji anafika hapo hapo akiwa na uwezo wa lugha wa kama miaka 9. Mi naisoma hivi: njia ni nyingine na ni ndefu, lakini inafika. Anapita kwenye maneno na kufikiri pale ambapo mwenzake amepita bila kujua kama kuna njia.

Nitaendelea na tulichofanya nyumbani, naomba mchangie kwanza.

ticha_wa_darasa_la_nne

Mama asante sana, nimekusoma neno kwa neno. Naomba nikuulize, nina mwanafunzi wa hivi darasani, hilo swali la Sally nilimpa kwa makaratasi akajibu sawa kabisa na kueleza kwa nini. Lakini mapumziko wenzake wanamchezea, wanamwambia "mwalimu anakuita" anakuja mbio, siku hiyo hiyo mara nne, na mara ya nne anakuja na ile imani ile ile. Sasa huyu anaelewa au haelewi?

mama_wa_kwanza

Mwalimu anaelewa, ila anaelewa akipewa muda na swali likiwa wazi mbele yake. Kuna utafiti wa mwaka 2009 wa Atsushi Senju na wenzake, walichukua watu wazima wenye usonji ambao maswali ya Sally wanayajibu bila shida, wakawaonyesha video yenye jambo hilo hilo bila kuuliza chochote, wakafuatilia macho yao tu. Watu wasio na usonji macho yalitangulia upande ambao mhusika angetafuta, hata kabla hajanyoosha mkono. Wenye usonji macho hayakutangulia hivyo. Yaani ukiwauliza wanakokotoa wanapata, bila kuulizwa ile hesabu haijiendeshi yenyewe. Sasa uwanjani nani anasimama akuulize "unafikiri huyu ana nia gani"? Mambo yanakwenda mbio, watoto 40 wanapiga kelele, na yeye anatakiwa akokotoe kila sura. Huyo mtoto wako si mjinga, anachelewa kwa sababu anafanya kwa mkono kazi ambayo wengine wanafanyiwa na mashine. Naomba kwa moyo wangu wote hao wanaomchezea uwakemee, kwa sababu anachojifunza saivi ni kwamba watu hawaaminiki, na hilo litakaa.

Baba Junior

Dada nakubaliana na mengi ila kuna sehemu sielewi. Kama mtoto hajui mwenzake anawaza nini mbona wangu anadanganya? Anavunja kitu anasema sio yeye. Kudanganya si ndio kupanda wazo la uongo kichwani kwa mtu?

mama_wa_kwanza

Baba Junior swali zuri na ni habari njema hiyo, najua linasikika vibaya lakini ni habari njema. Mwaka 2011 Annie Li na wenzake walipima hilo, wakakuta watoto wenye usonji wanadanganya kuficha kosa kama wengine, na wanasema hata ule uongo wa kumpendeza mtu. Waliposhindwa ni kuendeleza uongo. Unamuuliza swali la pili anajifunua mwenyewe, kwa sababu kuendeleza inabidi ubaki unakumbuka huyu ninayemwambia anajua nini na hajui nini. Wangu aliwahi kuniambia "sijafungua kabati" halafu papo hapo "na kile cha bluu ni cha nani?" Cha bluu kilikuwa ndani ya kabati. Kwa hiyo usimpeleke kwenye mahakama ya maswali kumi mpaka aanguke, jua tu mwanao ameshagundua kwamba kichwa chako ni tofauti na chake.

nyuzi_14

Nimesita kuandika. Nina usonji, nina miaka 34, nilijua nikiwa na 29.

Mnaongea vizuri lakini mnaongea juu yetu, naomba niweke upande wa pili. Tangu utoto nimeambiwa sisomi watu. Sawa. Je watu walinisoma mimi? Nikiwa na furaha sana uso wangu hauonyeshi kitu, watu wakaniambia sina shukrani. Nikisikiliza kwa makini naangalia chini maana sauti na macho vikija pamoja vinanizidi, mwalimu mmoja akaamua nadanganya kwa sababu simtazami, nikaadhibiwa kwa kosa ambalo sikulifanya. Huyo mwalimu alikuwa na imani isiyo sahihi juu ya kichwa changu na hakuna aliyempima.

Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, aliliandika hili mwaka 2012, akasema tatizo la kutoelewana ni la pande mbili, watu wawili walioishi dunia tofauti wanashindwa kusomana wote wawili, ila lawama anabebeshwa mmoja. Mwaka 2016 Elizabeth Sheppard na wenzake walionyesha video za watu wakipokea jambo fulani, watazamaji wasio na usonji wakapata shida zaidi kukisia kilichowatokea wenye usonji kuliko wengine. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walipanga watu nane nane wakipashana hadithi mmoja hadi mwingine. Mstari wa wenye usonji watupu ulifikisha hadithi sawa na mstari wa wasio na usonji, uliopoteza zaidi ni ule wa mchanganyiko. Nasema na hili pia, utafiti mkubwa zaidi uliotoka 2025 haukukuta ule upungufu wa mchanganyiko, mistari yote ilifikisha sawa. Lakini angalieni, katika zote mbili sisi kwa sisi hatukushindwa kupashana habari. Sasa mtu asiye na uwezo wa kujua mwenzake anajua nini angewezaje?

Na kuhusu huruma. Mimi mtu akilia karibu yangu tumbo linaniuma kimwili. Nisichojua ni kwa nini analia na anataka nini kutoka kwangu, nimsogelee au nimwache. Hayo ni mambo mawili msiyachanganye tafadhali. Mtoto aliyeganda mbele ya mama anayelia huenda amebeba uchungu kuliko aliyekwenda kumkumbatia.

Nikitoka kwenye mkutano wa saa moja nalala. Ile hesabu mama aliyoisema naifanya siku nzima.

mama_wa_kwanza

@nyuzi_14 nimelia hapa. Mwanangu aliganda hivyo hivyo siku tuliyopata msiba, watu wakasema "huyu hajali", na mimi sikumtetea kwa sababu sikujua niseme nini. Asante kwa kunipa la kusema.

Umesema kweli pia kwamba tunaongea juu yenu. Nilipoanza kujiuliza "mimi namsoma vipi" badala ya "kwa nini hanisomi" ndipo mambo nyumbani yalipobadilika. Nikajua akipapasa pindo la shati ana wasiwasi, akirudia sentensi yangu neno kwa neno haniigizi, anaishikilia wakati anaitafutia maana.

mama_kidato

Wangu ana miaka 3 haongei kabisa. Akitaka kitu anashika mkono wangu anaupeleka kama kijiko, hata hanitazami. Nikisoma hizi za Sally naona mko mbali sana na mimi, nianzie wapi?

mama_wa_kwanza

Mdogo wangu hauko mbali, uko kwenye mzizi wenyewe. Kabla ya imani (kujua mwenzako anaamini nini) kuna macho na kidole. Mtoto ananyoosha kidole kwa sababu mbili, moja kuomba (nipe kile), nyingine kushirikisha (ona kile!), hataki kitu, anataka tu na wewe uone. Ile ya pili ndiyo ngumu kwa watoto wenye usonji na ndiyo maana vipimo vya mapema wakiwa na miezi 18 huwa vinaiuliza. Kumshirikisha mtu kuona ndio mwanzo wa kujua kwamba kuna kuona kwingine tofauti na kwako. Kwa umri huo usimlazimishe akutazame. Wewe mfuate. Akiangalia feni inazunguka kaa naye chini uangalie feni, useme "inazunguka", nyamaza, subiri. Mimi ilichukua miezi mingi, siku moja akaangalia feni, akanigeukia mimi, akarudi kwenye feni. Sekunde moja tu. Nilijifungia bafuni nikalia kwa furaha. Na asipoongea usisubiri maneno, picha na ishara ni lugha pia, kumbuka wale watoto viziwi.

ticha_wa_darasa_la_nne

Uliahidi kutueleza mlichofanya nyumbani. Na je kinafundishika?

mama_wa_kwanza

Kinafundishika nusu, nikwambie ukweli. Julie Hadwin na wenzake mwaka 1996 waliwafundisha watoto wenye usonji maswali ya imani na hisia, wakajua kuyajibu, lakini walipopimwa kwenye mazungumzo ya kawaida hakukuwa na badiliko. Wengine wakatumia mwanasesere mwenye tundu kichwani, picha ya kile alichokiona inaingizwa mle, kwa hiyo wazo linakuwa picha (mnakumbuka ile kamera), au kiputo cha mawazo kama kwenye vibonzo. Watoto wengi walifaulu kujua Sally atatafuta wapi. Kulipeleka hilo kwenye maisha ndio ilibaki kuwa shida. Kwa hiyo atakayekuuzia kozi ya wiki sita kwamba mtoto atatoka anasoma watu, mwogope.

Pia jueni ngazi. Wellman na Liu walizipanga mwaka 2004, kwamba watu wanataka vitu tofauti, kwamba wanaamini tofauti, kwamba asiyeona hajui, halafu imani isiyo sahihi, halafu kwamba mtu anaweza kuficha anachohisi. Watoto wengi wanapanda kwa mpangilio huo. Mwaka 2005 wakiwa na Peterson wakawapima wenye usonji, tatu za kwanza ni zile zile, mbili za juu zinabadilishana, kuficha hisia kunawajia kabla ya imani isiyo sahihi. Wangu alikuwa ngazi ya tatu, mimi nilikuwa namdai ya nne.

Nilichofanya ni kutumia maneno tuliyonayo. Kiswahili kina "dhani" na kina "kumbe", na hayo mawili pamoja ni jaribio zima la Sally. Mwaka 2003 Lohmann na Tomasello waliwaonyesha watoto wa miaka 3 vitu vinavyodanganya macho, waliosikia vikizungumziwa kwa sentensi za "ulidhani ni... " waliendelea, walioonyeshwa tu bila maneno ya maana hawakuendelea. Basi nikawa nasema kila siku, juu ya vitu vyangu mwenyewe kwanza, sio vyake. "Nilidhani funguo ziko mezani, kumbe ziko mfukoni." "Dada alidhani mvua inanyesha, kumbe ni bomba." Baada ya hapo nikachora, kichwa changu na kiputo, kichwa chake na kiputo, akirudi shule kiputo chake tunakijaza na changu kiko wazi. Tukakijaza changu pamoja, yeye ananisimulia mimi nachora. Sikumuuliza "nani? nini?" tena. Nilionyesha kiputo kitupu tu.

Mwaka na miezi kadhaa hivyo. Halafu siku moja ameingia, begi bado mgongoni, akaanza "halafu akaki..." akasimama katikati. Akaniangalia paji la uso, sio macho, paji la uso pale nilipokuwa nachora kiputo. Akasema "wewe hukuwepo." Akavua begi, akaanza mwanzo.

mama_kidato

Na asiyejua kusoma wala kuchora, hicho kiputo nafanyaje?

mama_wa_kwanza

Kwa miaka 3 acha kiputo kabisa. Feni kwanza. Ukiona amekugeukia hata mara moja njoo hapa uandike, nitakuwepo.